Watoto wa Ghala la Mbata

Jumanne, 25 Februari

Mwenyekiti amesema muhtasari wa kikao uwe mfupi. "Yaandikwe yaliyoamuliwa tu, siyo nani kakohoa mara ngapi." Hakuniambia mimi. Alimwambia Aziza, mweka hazina, aniambie, na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipo. Sawa. Muhtasari utakuwa mfupi, na yaliyobaki nitayaandika humu, kwenye daftari langu mwenyewe lisilohitaji saini yake.

Mimi ni Mwanamkuu, katibu wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani hapa Kikoroshoni, Mafia. Mwenyekiti ni Umi. Umi alikuwa mke mwenzangu miaka tisa. Muhidini alimwacha yeye mwezi wa kwanza, akaniacha mimi mwezi wa tatu, mwaka huo huo, akaoa mwanamke wa Jibondo. Tangu hapo mimi na Umi hatusemezani ila kwa barua na kwa mdomo wa Aziza. Kikundi kinakwenda vizuri sana.

Yaliyoamuliwa leo: kamba mpya zinunuliwe kabla ya maji makubwa ya bamvua.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua ya kulaza vumbi tu. Umi kanitumia barua kuuliza kwa nini nimeandika jina lake kwa herufi ndogo.

Ijumaa, 28 Februari

Leo asubuhi mashua imeingia kwetu ikiwa na watu tisa, injini imekufa, wenyewe midomo imepasuka kwa kiu. Wametoka Msumbiji, huko kaskazini kwenye vita. Walipofika tu mwanamke mmoja alipiga magoti kwenye matope akasema wamekuja kuomba hifadhi. Tuliwapa madafu. Baadaye Koplo Remigius, mkuu wa kituo chetu kidogo cha polisi, akaja na daftari, akawaandika wote tisa, akawapeleka.

Kituo kina chumba kimoja cha mahabusu kinachotosha mtu mmoja asiyejigeuza. Kwa hiyo wamewekwa ghala la zamani la mbata, nazi zilizokaushwa, pale ubavuni mwa kituo. Miaka kumi haijaingia mbata mle, wanaingia panya.

Katika hao tisa watatu ni watoto.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Kikao cha dharura. Umi alitoa hoja kwamba futari tunayopeleka msikitini kila mwaka, safari hii sehemu iende kwa waliofungiwa ghalani. Hoja ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa nayo tangu jana, kwa hiyo niliipinga kidogo. Ikapita.

Nikapewa mimi kupeleka uji. Remigius alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Ni mtu wa Sumbawanga, ana mwaka mmoja na nusu hapa, mpaka leo akiona pweza anageuza uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeleta futari ya watu wako."

"Siyo watu wangu. Ni wa serikali."

Ghala lina dirisha moja la nondo. Kwenye dirisha kulikuwa na vidole. Nikasogea, nikamwona binti wa miaka kumi na moja hivi, kambeba mdogo wake mgongoni, mwingine kamshika upindo. Binti anaitwa Sabra. Wa kati ni Iddi, ana miaka minane. Wa mgongoni ni Shaabani, ana minne. Lugha yao ni Kimwani, ukisikiliza polepole unaelewa, ni kama kusemeshwa na jamaa aliyekulia mbali. Mama yao walipoteana naye siku ya kukimbia, kwenye msongamano wa vyombo. Majirani wakawavuta mashuani, mama akabaki nyuma.

Shaabani akaniuliza neno moja. Nilidhani anaomba uji. Sabra akanifafanulia: anauliza kama mimi ndiye mwenye ufunguo.

Nikamwendea Remigius. "Hawa watoto wamefanya nini?"

"Wameingia nchini bila kibali."

"Huyu wa miaka minne alitakiwa akiombe wapi?"

"Mama, usinihoji. Agizo limetoka bara, wakae mpaka maombi yao yajibiwe. Mimi nafuata agizo." Akachungulia sufuria. "Huu uji una pilipili manga?"

Nikampa kikombe. Mkono wangu ulitaka kumpa kitu kingine.

Jumatano, 5 Machi

Bamvua. Tumefunga mwani tangu maji yalipokupwa. Mgongo.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao. Nanukuu maneno ya Mwenyekiti kama yalivyo, maana kwenye muhtasari hayataenea: "Tunawapelekea chakula wale kwenye kizimba kama kuku, tunarudi nyumbani tunajiona watu wazuri. Mimi najiona vibaya. Kuanzia kesho futari yetu wote tunafuturia pale mbele ya ghala, kila siku, mpaka watoto watolewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga, ila niliandika haraka mpaka nikatoboa karatasi.

Ikaamuliwa pia tuwe na bango. Maneno nilitunga mimi: MTOTO HAFUNGWI. Mafupi, yanasomeka mbali. Umi akasema kupitia kwa Aziza kwamba hayana ubaya.

Tatizo ni mwandishi. Mtu pekee mwenye rangi na mkono mzuri hapa kijijini ni Muhidini, anayeandika majina ya vyombo. Umi alisema haendi. Mimi nikasema siendi. Aziza akasema kazi ya kupeleka maneno ya watu hakuiombea kura, lakini akaenda.

Jumatatu, 10 Machi

Futari ya pili mbele ya ghala. Tumetandika mikeka ukutani. Watoto wanakula kupitia dirishani, sisi tunakula huku nje, tunaongea nao. Iddi anapenda mihogo ya nazi. Remigius anasimama pembeni kwa ajili ya usalama. Usalama wa leo ulikula vikate sita vya vibibi.

Jumanne, 11 Machi

Siku ndefu, nitaandika yote.

Muhidini alileta bango alasiri, akalitundika mwenyewe juu ya ngazi, akateremka, akaondoka haraka bila kutuangalia, kama kawaida yake akituona pamoja. Kitambaa cheupe, rangi nyekundu, herufi zimenyooka kama askari. Tukashughulika na mikeka. Hakuna aliyesoma. Maneno tuliyajua, tusome nini?

Mara Sheikh Hafidhi akatokea na watu wanane wa msikitini, kanzu kaishika juu, uso umekunjamana.

"Nyinyi wanawake! Nani kakupeni ruhusa ya kutoa fatwa?"

"Fatwa gani, Sheikh?" Umi akauliza.

"Hiyo hapo! Kwa rangi nyekundu! Mimi tangu mfungo uanze nawazoesha watoto wa madrasa nusu siku nusu siku, leo wamekuja kuniambia eti mama zetu wametundika tangazo!"

Tukainua macho. Bango lilisema:

MTOTO HAFUNGI

Na hapo hapo, bila kupanga, nikageuka, Umi naye akageuka, tukawa tunatazamana. Mara ya kwanza tangu tuachwe, miaka sita.

"Umeona?" akaniambia.

"Nimeona," nikamwambia.

Aziza alikaa chini akasema alhamdulillahi, kazi yake imekwisha.

Tukaenda wote wawili mpaka uwanjani kwa Muhidini. Alikuwa ameinama kwenye ubavu wa mashua anaandika jina, akatuona tunavyokuja bega kwa bega, brashi ikamtoka.

"W iko wapi?" nikamuuliza.

"W ipi?"

"Mtoto haFUNGWI! Umeandika hafungi. Kijiji kizima kinasema tunawakataza watoto kufunga Ramadhani!"

Muhidini akajikuna. "Kitambaa kilikuwa kinaelekea kwisha. Nikaona herufi moja haina neno."

"Mwache," Umi akasema. "Mtu aliyeacha wake wawili mwaka mmoja, kuacha herufi ni kitu gani kwake?"

Nilicheka. Sikutaka, ilinitoka. Umi naye akacheka, halafu tukakumbuka nani ni nani tukaacha.

Muhidini akaja na ngazi, akaiweka ile W juu kidogo ya mstari, katikati ya G na I, imebanwa, imekaa kama ndege aliyetua kwenye waya. Sheikh alisimama chini na mkono kwenye ndevu. Akasoma upya. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kwani mle ndani mna watoto?"

Alikuwa hajui. Nusu ya kijiji ilikuwa haijui. Walisikia wahamiaji, wakadhani wahamiaji ni wanaume wenye ndevu. Sheikh akasogea dirishani, akazungumza na Iddi kama dakika kumi. Aliporudi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akakaa mkekani akafuturu nasi.

Ijumaa, 14 Machi

Hotuba ya Ijumaa ilikuwa ya ghala. Sijawahi kusikia msikiti wetu umenyamaza vile, hata upande wetu wanawake. Jioni walikuja watu mpaka sufuria ziliisha, na Remigius ikabidi agawe chapati zake alizokuwa amezitenga kwa ajili ya usalama.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Barua kutoka kwa Umi: "Katibu, lete turubai." Nikapeleka. Nilijibu kwa mdomo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeshiba. Paa la ghala linavuja pande tatu. Asubuhi nilipopita, Sabra aliniita dirishani kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kabla. Shaabani alikuwa anachemka. Macho yamefunguka lakini hayamwoni mtu.

Nikagonga kituo. Remigius akatoka na mswaki mdomoni.

"Mtoto anaungua homa."

"Lazima nipige simu bara, nipate kibali cha kumtoa mahabusu kwenda zahanati."

"Piga."

Akapiga. Simu haikupokelewa. Akapiga tena. Mtandao ukakatika. Akasimama mlangoni na simu yake mkononi, mvua inamlowesha upande mmoja, mimi nipo kimya, maana niliona nikifungua mdomo nitamtukana na yeye ana haki ya kunifungia humo humo.

Halafu akatema povu la dawa ya meno, akachukua ufunguo.

Alimbeba mwenyewe, kafunikwa koti lake la mvua, na Sabra aling'ang'ania mkono wa mdogo wake hakuachia, kwa hiyo akaja naye, na Iddi akashika upindo wa Sabra, akaja naye. Njia nzima hivyo. Zahanati mganga akapima, malaria. Akaomba mtoto alazwe mpaka jioni.

Remigius akasema utaratibu unataka mtu wa mahabusu akilazwa afungwe pingu. Alisema kama anayesoma. Akazitoa, zikaning'inia. Akauangalia mkono wa Shaabani, ambao si mnene kuliko mpini wa mwiko wangu. Akazirudisha mfukoni.

"Hazimtoshi," akasema, akageukia ukutani.

Mchana akanifuata kwenye baraza ya zahanati. "Mama Mwanamkuu, nina watoto wawili Sumbawanga. Wa mwisho ana minne."

"Mwenyezi Mungu akukuzie."

"Tarehe ishirini na saba inakuja gari kuwachukua wote tisa. Watavushwa bara, watakaa gerezani mpaka wasikilizwe. Inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa zaidi." Akatazama kulia na kushoto, na hapakuwa na mtu ila mbuzi. "Kilindoni mjini yupo ofisa ustawi wa jamii anaitwa Goodness. Hilo jina hukulisikia kwangu."

Jumatano, 19 Machi

Homa ya Shaabani imeshuka, amerudishwa ghalani. Tumekwenda Kilindoni, mimi na Umi. Kwa mvua hii bodaboda ilikuwa moja tu iliyokubali, ikabidi tupande wote wawili nyuma ya dereva, mimi katikati. Umi alinishika kiuno safari nzima. Kila shimo alikuwa anasema "samahani" na mimi "hapana neno". Tumekuwa wastaarabu kuliko wabunge.

Goodness ni msichana mdogo, Mchaga, meza yake haionekani kwa mafaili. Tulipomaliza kumweleza alikuwa ameshaacha kuandika. "Watoto wako ghalani tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Hakuna aliyeniletea taarifa." Akasema mtoto anayeomba hifadhi hapaswi kukaa chini ya kufuli, na anaweza kuomba hati ya kuwahamishia kwa mlezi wa kuaminika wakati maombi yao yanasikilizwa. Lakini lazima mlezi awepo, kwa jina, na nyumba ikaguliwe. Akatusomea masharti: watu wazima wawili ndani ya nyumba. Chumba cha watoto peke yao. Choo chenye mlango. Na pasiwe na ugomvi wa kifamilia.

Tukatazama sakafu.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu, choo kina pazia la gunia. Umi ana choo kizuri cha tofali na mlango wa mninga, lakini nyumba ni chumba kimoja.

Wakati wa kurudi pikipiki ilikwama, tukashuka tukatembea. Umi akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwanawe Ally, aliyekwenda Afrika Kusini kwa kudandia meli baada ya sisi kuachwa, hakuwa amefika kazini kama Umi alivyotangaza. Alikamatwa ana miaka kumi na tano, akawekwa rumande na watu wazima miezi miwili. Mwanamke mmoja wa huko, Umi hamjui hata jina, alikuwa anampelekea mkate kila Jumapili.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Aziza?"

Jumamosi, 22 Machi

Umi amehamia kwangu. Alikuja na godoro, sufuria mbili, na mlango wa choo kichwani. Alipita nao kijiji kizima. Watu walitoka nje kuangalia. Muhidini alikuwa njiani akaingia kwenye mihogo.

Bawaba zimepachikwa. Unafunga vizuri kuliko mlango wangu wa mbele.

Jumapili, 23 Machi

Anaweka chumvi mapema mno. Sijasema kitu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Saa nne Goodness akaja kukagua. Alifungua mlango wa choo na kuufunga mara tatu, akaridhika. Akakaa na fomu.

"Ninyi wawili mna uhusiano gani?"

"Wake wenza," nikasema.

"Mume yuko wapi?"

"Jibondo leo. Ana mke huko."

Kalamu yake ikasimama hewani.

"Wake wenza wastaafu," Umi akasaidia.

Akaandika muda mrefu. Kisha akauliza, "Mnagombana?"

Mimi nilisema "Hapana" na Umi akasema "Ndiyo", kwa pamoja.

"Tunagombana," Umi akaendelea, "lakini hakuna anayetoka akaacha mwenzie na njaa. Hilo hata zamani halikutokea." Nikalifikiria. Ni kweli. Miaka tisa, na sikuwahi hata mara moja kulala na njaa siku ya zamu yake.

Goodness akasema atapeleka maombi leo leo, hati ikisainiwa ataileta mwenyewe. Tarehe ishirini na saba anaijua.

Jumatano, 26 Machi

Hati bado. Mvua haikatiki. Sabra kaniuliza bara kukoje. Nimemwambia kupana.

Alhamisi, 27 Machi

Gari lilifika saa tatu, kubwa, la wavu nyuma, na ofisa mmoja kutoka bara mwenye viatu vinavyong'aa. Kabla hajashuka gurudumu la nyuma lilikuwa limeshazama kwenye tope la mbele ya ghala mpaka kwenye ekseli. Alishuka, na viatu havikung'aa tena.

Kikundi kizima kilikuwepo, wanawake arobaini, mikeka juu ya vichwa kwa ajili ya mvua. Goodness hakuwepo. Simu yake haikupatikana.

Remigius akasema atahakiki kwanza idadi. Akaanza kuhesabu waliomo ghalani. Alihesabu mara ya kwanza akapata tisa. Akasema haoni vizuri, akahesabu tena. Mara ya tatu akaita majina, na majina ya Kimwani yakawa yanamshinda ghafla, yeye aliyekuwa anamwita Iddi kwa jina la utani.

Ofisa akachoka. "Wapakieni. Na nyinyi akina mama, sukumeni gari kidogo litoke kwenye tope."

Umi akakunja mikono. "Tumefunga, mwanangu."

"Ni kusukuma tu!"

"Tukisukuma tutashikwa na kiu."

"Hata dini haikatazi kusukuma gari!"

"Hilo tumuulize Sheikh."

Sheikh Hafidhi alikuwepo chini ya mwavuli. Akatafakari kwa utulivu mkubwa. Akasema suala la kusukuma gari katika hali ya funga, hasa gari la wavu, hana jibu la kukurupuka nalo, inabidi atazame vitabu. Vitabu viko nyumbani. Akaondoka kwenda kuvitafuta, na sijawahi kumwona mtu anatembea polepole vile.

Hapo ndipo Muhidini, ambaye hakuna aliyemwita, akajitokeza anakunja mikono ya shati. "Ngoja nisaidie mimi, nitawaita na vijana."

Mimi na Umi tukamtazama.

"Ah," akasema, akashika nyonga. "Mgongo."

Saa tano. Saa sita. Ofisa amekaa ndani ya gari. Saa saba kasoro tukasikia pikipiki. Goodness alikuwa ameanguka, si mara moja, upande mmoja wote ni tope kuanzia sikio hadi kiatu. Akafungua vifungo viwili vya koti akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mna bahasha, ndani ya bahasha mna hati yenye muhuri, kavu kabisa.

Ofisa akaisoma mara mbili. "Agizo langu linasema tisa."

"Sita ni wa kwako," Goodness akasema, anatetemeka kwa baridi. "Watatu ni wa kwangu. Wasome majina."

Akasoma. Akaangalia ghala, akaangalia wanawake arobaini, akaangalia gurudumu lake. Akasaini.

Remigius alikuwa ameshafungua kufuli kabla kalamu haijainuka.

Mlango ulikuwa wazi na watoto hawakutoka. Walisimama ndani ya kizingiti, wanangoja kuambiwa. Nilipowanyooshea mkono, Sabra akaniuliza, kwa adabu, kama anayetaka kujua asichelewe:

"Turudi saa ngapi?"

Nikamjibu mimi. Nilimwambia hamrudi.

Baada ya hapo tulisukuma gari. Lilitoka kwa msukumo mmoja. "Kumbe mna nguvu," ofisa akasema. "Zimekuja sasa hivi," Umi akamwambia. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mpaka nilipoona waliomo nyuma ya wavu. Yule mama aliyepiga magoti siku ya kwanza alikuwa anawapungia watoto mkono mpaka gari likapinda. Watu sita. Nimewasukuma kwa mikono yangu mwenyewe. Hili halijaingia kwenye muhtasari, Mwenyekiti alisema tusiandike, na kwa mara ya kwanza sikubishana naye, ila humu naandika.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Watoto wana nguo mpya. Iddi kavaa shati la Remigius lililokatwa mikono, linamfika magotini, hataki kulivua.

Alhamisi, 3 Aprili

Dhuluma. Sabra katupa majina. Ametuangalia urefu, akaamua Umi ni Mama Mkubwa na mimi ni Mama Mdogo. Mimi niliyeolewa kwanza! Umi amekataa kurekebisha. Ameitika mara arobaini leo, hata alipokuwa hajaitwa.

Jumanne, 8 Aprili

Kikao. Barua ya kikundi imekamilika, saini mia mbili na kumi na moja, ya Sheikh ndiyo ya kwanza: tunaomba mtoto yeyote atakayeletwa na bahari hapa asiingizwe ghalani hata saa moja, apelekwe kwa mlezi, na walezi wapo, tumeorodhesha nyumba kumi na nne. Na tunaulizia wale sita. Remigius hakusaini, ni mtumishi. Lakini alisoma akaonyesha kosa la tahajia ukurasa wa pili.

Jumatatu, 14 Aprili

Jibu la barua: imepokelewa. Umi kasema tuandike nyingine. Tayari nilikuwa nimeanza.

Jumamosi, 19 Aprili

Shaabani amevunja kikombe changu cha maua. Akaangalia mlango, akangoja. Nilimwambia kuna vikombe vingine. Alilia mpaka akalala.

Jumatano, 23 Aprili

Jibu la barua ya pili. Kituo chetu kimeandikiwa kwamba watoto wasiwekwe tena ghalani, wapelekwe ustawi siku hiyo hiyo. Kituo chetu tu. Kuhusu wale sita: wanasikilizwa mwezi ujao. Ikaamuliwa tuandike ya tatu, ya vituo vingine. Aziza kaomba tununue karatasi za jumla.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imetulia asubuhi. Saa nne Goodness akapiga simu, akasema tukae chini. Watu wanaotafuta waliopoteana wamempata mama yao. Yuko hai, Mtwara, mguu una jeraha lakini anatembea kwa fimbo. Akasema anamuunganisha sasa hivi.

Tukaweka simu katikati ya meza, sauti juu. Kwanza upepo tu. Halafu mwanamke akataja majina matatu, moja moja, kama anayeogopa kufika la mwisho. Kila mmoja akaitika. Shaabani aliitika kwa kunong'ona, ikabidi arudie.

Yule mama akalia muda mrefu. Sisi tulisimama jikoni, mimi na Umi, hatujui tuweke wapi mikono.

Alipoweza kusema akauliza, "Mko wapi? Mko kwa nani?"

Sabra akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Tuko kwa mama wawili," akasema. "Wanagombana kutwa. Hatujambo."